Kwa wadogo zangu mnaoingia kwenye bendi: yaangalieni maisha ya Ivy Benson

Wadogo zangu mnaoanza muziki wa dansi, hasa nyie mlioamua kupuliza, na hasa hasa mabinti, leo nawaletea habari za mama mmoja wa Kiingereza anaitwa Ivy Benson. Alikuwa mpuliza saksafoni na klarineti (ile filimbi nyeusi ndefu iliyonyooka), akaongoza bendi ya wanawake watupu kwa miaka zaidi ya 40, kuanzia mwanzo wa vita kuu ya pili mpaka miaka ya 1980 mwanzoni. Mimi dada yenu nimekaa kwenye bendi muda wa kutosha kuona watu wakija na wakiondoka, na kila nikirudia maisha ya huyu mama naona mambo yetu ya huku yamo mle mle, mpaka yale ya kunyang'anyana wapigaji. Wakubwa wa muziki tumezoea kuwapima kwa nyimbo zilizovuma, ila kwa Ivy kipimo hicho hakifai sana, kazi yake kubwa ilikuwa kuifanya bendi isife wakati kila siku kuna mtu anaaga, na mkishaanza kazi mtaona kwamba hiyo ndo kazi yenyewe ya bendi ya dansi, hayo mengine yanakuja juu yake.

Alizaliwa mwaka 1913 Holbeck, mtaa wa wafanyakazi pale Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mwanamuziki, anapiga vyombo kadhaa, akamuanzisha mtoto kwenye piano akiwa na miaka 5. Alipofika miaka 8 tayari anapandishwa jukwaani kwenye klabu za wafanyakazi kwa jina la Baby Benson, na mwaka uliofuata akasikika kwenye kipindi cha watoto cha redio ya BBC. Mzee alitamani binti yake awe mpiga piano wa klasiko, yule wa kukaa kwenye ukumbi watu wamenyamaza kimya. Binti akaja kusikia santuri ya Jimmy Dorsey, yule Mmarekani wa saksafoni na klarineti, na habari ya klasiko ikaishia hapo.

Sasa sehemu inayofuata ndo naipenda kuliko zote. Akiwa na miaka 14 akaacha shule akaenda kufanya kazi kiwandani kwa Montague Burton, wale washonaji wakubwa wa suti pale pale Leeds, na kila wiki kwenye mshahara wake alikuwa anaweka pembeni shilingi mbili na nusu za Kiingereza kwa ajili ya kununua saksafoni yake mwenyewe. Mchana kiwandani, usiku dansini. Shilingi mbili na nusu mara nane ndo inakuwa pauni moja, kwa hiyo pigeni hesabu wenyewe, ni hela ya kukusanya wiki baada ya wiki bila kuigusa, na huyu ni mtoto wa miaka 14 ambaye baba yake ni mwanamuziki, angeweza kabisa kusubiri apewe.

Kwenye mambo ya hela nishikeni hili moja, chombo chako kiwe chako. Bendi zetu nyingi vyombo ni vya mwenye bendi, unapuliza miaka na miaka saksafoni ya mtu, siku mkikosana unatoka mikono mitupu na huna hata cha kufanyia mazoezi nyumbani wakati unatafuta kazi nyingine. Nimeona wapulizaji wazuri kabisa wakikaa kimya mwaka mzima kwa sababu hiyo tu. Alafu chombo cha bendi unakigusa siku ya mazoezi na siku ya shoo, basi, na saa ambazo mpulizaji anakua ni zile za peke yake chumbani anapuliza noti moja ndefu mpaka ikae sawa. Anza kuweka akiba hata kama bado unaazima. Na ukienda kununua mtumba, maana wengi wetu ndo tunaanzia huko, usibabaike na rangi kung'aa, mwambie muuzaji akupe nafasi uipulize, ushuke mpaka noti za chini kabisa kisha uzitoe kwa sauti ndogo, polepole. Mdomo wa bata, yaani saksafoni, wenye pedi zilizochoka (vile vifuniko laini vya kuziba matundu) unavuja hewa, na uvujaji unajitokeza huko chini kwanza, noti inakataa kutoka au inaruka juu yenyewe au inatoka inatetemeka. Juu itakudanganya inapiga vizuri. Ikikataa chini jua kuna hela nyingine ya fundi inakusubiri, ikate kwenye bei hapo hapo.

Jambo la pili ni klarineti. Ivy alikuwa na vyote viwili, na bendi kubwa za dansi za zama zile zilidai hivyo, mtu wa saksafoni anakaa na klarineti pembeni na katikati ya wimbo anabadilisha. Wadogo zangu mnasema klarineti ni saksafoni ndogo, hapana, msiingie na mawazo hayo. Kwenye saksafoni ukibonyeza kitufe cha oktavu, vidole vile vile vinakupa noti ile ile juu, rahisi. Klarineti ukibonyeza kile kitufe chake cha nyuma inaruka mbali zaidi, inakwenda mpaka noti ya 12 kutoka ulipokuwa, kwa hiyo vidole vya chini na vidole vya juu ni majina tofauti na inabidi ujifunze kama vyombo viwili. Mdomo nao unakaza tofauti. Inachukua muda ila mpulizaji mwenye vyombo viwili anapigiwa simu mara nyingi zaidi kuliko mwenye kimoja, hilo halijabadilika toka enzi za Ivy mpaka leo, ukienda kwenye harusi, ukienda studio, ukienda hotelini.

Alafu angalieni alivyoingia kwenye kazi. Mwaka 1929 akajiunga na kikundi cha wanawake cha Edna Croudson, wanazunguka mji huu na mji ule, akakaa humo mpaka 1935. Akaenda London, akawa mpiga solo kwenye bendi ya wasichana iliyokuwa chini ya Teddy Joyce. Bendi yake mwenyewe akaianzisha vita ilipokuwa inaanza, anakaribia miaka 26. Kwa hiyo kabla hajasimama mbele ya watu wake alikuwa ametumikia bendi za wenzake karibu miaka 10, ameshajua gari linachelewaje, mwenye ukumbi anakatakataje hela, mpiga ngoma akiumwa unafanyaje, wimbo gani unapigwa ukumbi ukipoa. Siku hizi kijana akishajua kupuliza nyimbo chache anatafuta jina la bendi, anachapisha fulana, miezi michache baadaye hamna bendi hamna fulana. Jamani, kaeni kwanza chini ya mtu. Sisemi mkae milele, nasema kaeni mpaka muwe mnajua sababu ya kila kitu anachofanya kiongozi, hata vile vinavyowaudhi.

Vita ikaja. Wanaume wakaandikishwa jeshini kwa wingi na bendi za dansi zikabaki na viti vitupu, wakati huo huo watu wanataka kucheza kuliko wakati wowote, maana askari ana likizo fupi na hajui kama atarudi, wafanyakazi wa viwanda vya silaha wanatoka zamu wamechoka wanataka kusahau. Mpaka jumba la opera la Covent Garden pale London liligeuzwa ukumbi wa dansi. Wengi wanasema Ivy alibahatika na vita. Mi naona hivi, nafasi ilimkuta ana miaka mingi ya kazi, ana chombo chake, anajua nota, na anawajua wanawake wengine wenye uwezo waliokuwa wanapigwa chenga na bendi za wanaume. Nafasi ile ile iliwakuta wengine hawana hata kimoja.

Mwaka 1943 BBC wakaifanya bendi yake kuwa bendi ya dansi ya kudumu ya redio yao. Hapo ndo kelele zikaanza. Viongozi wa bendi za wanaume wakalalamika waziwazi, wanawake wapewe kazi kubwa kiasi hicho! Kazi ya redio ilikuwa ndo mkate wenyewe, ukisikika hewani kumbi zinakutafuta, na wao walijiona wametangulia kwenye foleni. Ivy akaendelea na vipindi. Na kipindi cha redio cha zama zile kilikuwa cha moja kwa moja, noti ukiikosea imekwenda, nchi nzima imesikia, na nyimbo mpya zinaingia kila wakati ambazo umeletewa karatasi juzi tu au hata leo asubuhi. Bendi isiyosoma nota haiwezi kuishi kwenye kazi ya namna hiyo hata wiki.

Kwa hiyo nota wadogo zangu, nota. Najua huku kwetu wakubwa wengi wamepiga kwa kusikia maisha yao yote na wamepiga vizuri mno, sikio lao nalivulia kofia, na sikio lazima uwe nalo maana kwenye sebene hamna karatasi. Lakini kwa mpulizaji kutojua nota ni kujifungia mlango. Ukiitwa na kwaya yenye okestra, ukiitwa bendi ya hotelini, ukiitwa kurekodi na mtu anayelipa studio kwa saa, hawana muda wa kukuimbia sehemu yako mara sita, wanakupa karatasi. Na saksafoni ina jambo lake la ziada, alto, ile saksafoni ndogo kidogo, haisemi noti sawa na piano, tenor, ile kubwa yake, nayo ina yake, kwa hiyo mpiga kinanda akikwambia tunapiga kwenye do na wewe una alto inabidi kichwani ushajua vidole vyako vinaenda la. Jifunze kuhamisha hivyo mpaka usifikirie. Binti akijua hilo, wale wanaosema amewekwa kwa ajili ya sura wanakosa la kusema wimbo wa kwanza tu.

Na watasema. Mi mwenyewe kuna mwenye ukumbi mmoja alishamuuliza kiongozi wetu mbele yangu kama huyu dada anapuliza kweli au anashika tu. Msipoteze nguvu kubishana na watu wa hivyo, nguvu hiyo ipelekeni kwenye pumzi.

Wakati wa vita bendi ikapiga muda mrefu London Palladium, ukumbi mkubwa wa burudani, wao wakiwa vinara wa onyesho. Vita ilipoisha 1945 Field Marshal Montgomery mwenyewe, yule kamanda mkubwa wa jeshi la Uingereza, akaomba waende Berlin kwenye sherehe za ushindi. Mwaka 1948 Olimpiki ilipofanyika London nao wakawemo kwenye burudani. Walizunguka kupigia wanajeshi Ulaya na kwingine. Haya ni mambo makubwa na nimeyapitia haraka kwa makusudi, maana kilichokuwa kinaendelea nyuma ya pazia ndo chenye mafunzo zaidi.

Nyuma ya pazia watu walikuwa wanaondoka. Kwanza Desemba 1941 serikali ilipitisha sheria ya kuandikisha mpaka wanawake, wale wasioolewa wa miaka 20 mpaka 30, kwa hiyo bendi ya wanawake nayo haikuwa salama, yale yaliyowakuta wanaume yakawa yanawafuata. Baada ya vita yakaja mengine, bendi ilikuwa inapiga sana kwenye kambi za Wamarekani huko Ujerumani, na Wamarekani wale wakawa wanawaoa wapigaji wake, binti amefundishwa amekolea, anaaga anakwenda zake Marekani. Kuna mwaka mmoja tu aliwapoteza hivyo karibu wapigaji saba. Fikiria bendi yako, saba, mwaka mmoja! Wengine walichukuliwa na bendi za wanaume ambazo zamani hazikutaka hata kuwasikiliza. Wengine walichoka kulala safarini tu, wakarudi makwao.

Kiongozi mwingine hapo angeanza visasi, angewawekea watu mikataba ya kuwakaba shingo, angezuia wapigaji wasifahamike. Mnawajua wa hivyo. Ivy akafanya kitu kimoja kwa miaka yote ile, alikuwa anatafuta wengine na kuwafundisha. Na alijua pa kuwapata. Kaskazini kwao, kwenye miji ya migodi na viwanda, kuna bendi za matarumbeta za jadi, kila mji na ya kwake, na mle kulikuwa na mabinti wanaopuliza toka utotoni, wana pumzi, wana nota, hawajawahi kupiga dansi hata siku moja. Anawachukua wadogo, wengine hawajafika miaka 20, anawakalisha kwenye safu pembeni ya waliozoea. Kwa miaka 40 walipita mle wanawake kwa mamia.

Mmoja alikuwa Gracie Cole, mpuliza tarumbeta aliyetoka kwenye hizo bendi za matarumbeta, akaingia kwa Ivy mwaka 1945, baadaye akapiga na Squadronaires waliokuwa bendi kubwa ya wanaume, mwishoni akafungua bendi yake mwenyewe ya wanawake. Mwingine Sheila Tracy, mpuliza tromboni, alipita kwa Ivy miaka ya 1950, kisha akaingia utangazaji, na mwaka 1974 akawa mwanamke wa kwanza kusoma habari kwenye BBC Radio 4. Crissy Lee naye, mpiga ngoma, aliingia bado binti mdogo na kuja kuongoza bendi yake. Ukimhesabia Ivy santuri peke yake utaona kidogo, mhesabie na hawa.

Sasa nyie mnaoingia, haya yanawahusu hivi. Ukichukuliwa kwenye bendi ukiwa bado unajifunza, jua kuna mtu ameamua kukulea huku anajua utaondoka. Miezi ya kwanza usikimbilie solo. Kaa kwenye safu, msikilize anayeongoza safu, anapovuta pumzi nawe vuta, anapokata noti nawe kata hapo hapo. Bendi zile za zamani zilikuwa na saksafoni nne au tano zimekaa mstari mmoja, na uzuri wote ulikuwa kwenye kuvuta pumzi pamoja, watano wanasikika pumzi moja, mtu mmoja akikata noti nusu sekunde baadaye safu nzima inasikika imechafuka hata kama kila mmoja peke yake ni hodari. Chukua kalamu ya risasi uweke alama ya pumzi kwenye karatasi yako, kila bendi na alama zake. Kama mnapiga bila karatasi basi mazoezini uliza, tunavuta pumzi wapi hapa? Watu wanaona aibu kuuliza hilo, wanauliza sauti ya juu ya solo.

Na macho yawe sakafuni pia, namaanisha kwa wachezaji. Muziki wa dansi ni wa miguu ya watu. Ukiona watu wanaanza kurudi kwenye viti wakati solo lako linaendelea, ujue limekuwa refu.

Siku ya kuondoka nayo itafika, na kuondoka si dhambi. Toa taarifa mapema, maliza shoo zilizokwisha kupangwa, na kabla hujaenda mkalishe anayekuja kwenye kiti chako umuonyeshe sehemu zako, hasa zile mlizobadilisha bila kuandika. Kuna wapulizaji wanaondoka na sehemu zao kichwani makusudi ili bendi ikwame, na mji wetu ni mdogo, simu zinapigwa, habari zinawatangulia huko wanakokwenda.

Miaka ya 1950 ikaja na rock and roll, wapigaji wanne wenye magitaa wakawa wanajaza ukumbi uliokuwa unahitaji watu 15 wenye suti, na mwenye ukumbi anajua hesabu. Bendi kubwa nyingi zikafa. Ya Ivy ikapungua watu, ikabadilisha nyimbo kufuata wakati, ikashika kazi za msimu wa kiangazi kwenye miji ya mapumziko ya baharini, kule Isle of Man kwa mfano, Villa Marina pale Douglas, ambako familia zinakuja likizo na zinataka dansi kila jioni. Kuna wanaoona hizo ni kazi za kushuka daraja. Mi nasema msimu mzima kwenye ukumbi mmoja ni shule, unapiga kila usiku kwa watu wale wale, huwezi kurudia utani wala nyimbo, na mshahara unajulikana. Msizidharau kazi za hoteli na za msimu, nyingi ndo zimelipa ada za watoto wa wanamuziki ninaowaheshimu sana.

Alivunja bendi miaka ya 1980 mwanzoni akahamia Clacton-on-Sea, mji wa pwani mashariki ya Uingereza, na kule akawa anapiga kinanda cha umeme hotelini kwa wageni wa likizo. Alifariki hapo Mei 1993 akiwa na miaka 79. Kinanda, mnaona, kile alichofundishwa na baba yake kabla ya saksafoni, ndo kikambeba pumzi ilipopungua, kwa hiyo wale mnaojua kinanda kidogo cha kanisani msikiache kwa sababu mmepata mdomo wa bata.

Na kwa mnaoniuliza wapulizaji wa kike mtawapata wapi, mbona tunawatafuta hatuwaoni, nendeni alikokwenda Ivy. Matarumbeta ya makanisani yana mabinti wanaosoma nota vizuri kabisa na hakuna bendi ya dansi iliyowahi kuwafuata. Bendi za jeshi na polisi zina wanawake wanaopuliza na siku moja watastaafu bado wana pumzi. Nendeni msikilize ibada ikiisha, ongeeni na mwalimu wao kwanza, kisha wazazi, mwelezeni kazi ni saa ngapi inaisha na nani anamrudisha binti nyumbani, maana hilo ndo swali la kwanza mzazi atauliza na mkienda bila jibu mmepoteza safari. Usafiri wa usiku uwekeni kwenye bajeti ya bendi kabla hata ya sare. Anayetaka karatasi za mazoezi ya pumzi ya safu, za alto mbili na tenor, aniambie nimpigie picha nimtumie.